Moyo: Mbili Kati ya Tano

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko. Mkono wangu umezoea kusuka nywele kuliko kushika kalamu, na herufi zangu zinalala upande mmoja kama watu wanaosinzia kanisani. Makosa ya tahajia nayo yapo, najua. Nilisoma mpaka darasa la sita kule Uvira, Kongo, halafu tukaja Johannesburg, na hapa shule zilidai karatasi ambazo sisi hatukuwa nazo. Ukurasa mmoja unanichukua jioni nzima. Lakini jambo hili nimelibeba tangu mwaka 2017 na hasira yake haijapoa, basi naandika hivyo hivyo, polepole.

Nina karatasi hapa mezani. Ni nakala ya fomu, imekunjwa mara nne, imechakaa kwenye mikunjo. Juu kuna jina la kaka yangu, ambalo sitaliandika. Chini yake kuna mistari: urefu, mikono, kuruka, mbio, kutupa mpira, kuzuia. Mstari wa mwisho kabisa umeandikwa kwa Kiingereza neno lenye maana ya moyo, yaani moyo wa kucheza, moyo wa kutokata tamaa. Mbele yake mtu ameandika kwa kalamu nyeusi: mbili kati ya tano.

Mtu huyo alimwona kaka yangu siku moja tu. Saa chache za siku moja.

Nyumbani tunamwita Yaya. Wasomaji wa Tanzania na Kenya wasicheke. Kwenu yaya ni mlezi wa watoto, kwetu ni kaka au dada mkubwa. Yaya alinizidi miaka mitano na kichwa na nusu. Yeye shule ilimkubali kwa sababu ya urefu wake. Kocha mmoja wa chuo, mtu wa Alexandra, kitongoji cha hapa Johannesburg, alimkuta akicheza mpira wa kikapu kwenye kiwanja cha saruji karibu na kwetu mjini, akamtafutia nafasi chuoni na msaada wa ada. Mimi nilikwenda saluni kusuka. Sikumwonea wivu. Au nilimwonea kidogo, siku za mvua tu, wakati wateja hawaji.

Kila Jumapili baada ya ibada, na siku za wiki saluni ikifungwa mapema, nilikuwa naenda naye kwenye kile kiwanja. Ringi zake hazikuwa na nyavu. Yaya alitupa mpira, mimi niliokota na kumrudishia. Siku moja akaniambia, “Mdogo wangu, niandikie zinazoingia na zinazokosa. Nikikumbuka mwenyewe najidanganya.”

Kuandika maneno kungenichelewesha, kwa hiyo nilitengeneza njia yangu. Sisi wasusi, kabla ya kusuka, tunagawa kichwa kwa mistari ya chanuo. Nilichora kiwanja kama kichwa kinavyoonekana kwa msusi aliyesimama nyuma ya kiti. Ringi iliwekwa kwenye paji la uso. Mstari wa mitupo huru ukawa utosi. Kona mbili zikawa masikio. Mbali kabisa, nyuma ya mstari wa pointi tatu, kikawa kisogo. Mpira ukiingia naweka kijiti. Ukikosa naweka duara. Na kama aliutupa akiwa amechoka, naweka nukta juu.

Kuhusu uchovu, tuliutengeneza wenyewe. Jengo letu lilikuwa na ghorofa tisa na lifti ilikufa kabla hatujahamia. Yaya alikuwa anapanda ngazi zote na kushuka mara tatu, halafu tunakimbilia kiwanjani, anatupa. Nilijaza madaftari manne kwa miaka miwili. Mtu yeyote akiniuliza nitamwambia: kutoka sikio la kushoto, kaka yangu alikuwa bora akiwa amechoka kuliko akiwa mzima. Vijiti vyenye nukta vilijaa pale kama chawa. Sijui sababu. Yeye alisema akichoka anaacha kufikiri.

Kocha aliona daftari mara moja. Aliligeuza juu chini, akacheka, halafu akaacha kucheka. Alisema, “Eish, sisi, hiki ni kichwa cha nani?” Hapa sisi ni dada. Yaya akamweleza. Kocha alikaa chini kwenye saruji akasoma ukurasa baada ya ukurasa. Tangu siku ile alikuwa akinisalimu kwa kunivulia kofia, na mimi nilikuwa nikitazama viatu vyangu, kwa sababu ndivyo nilivyo. Nikisemeshwa na mtu mgeni, maneno yananikimbia. Kiingereza nakisikia chote, kutoka mdomoni kinatoka kidogo tu, na mbele ya watu hakitoki kabisa.

Mwaka ule ulikuwa wa mwisho wa Yaya chuoni. Ligi ya kulipwa ilikuwa na utaratibu wake: wachezaji wa vyuo wanaitwa siku moja, wanapimwa, wanachezeshwa, halafu orodha inatoka na kila klabu inachagua kwa zamu. Asiyekuwemo kwenye orodha hachaguliwi na mtu. Na aliyemaliza chuo haitwi tena. Kocha aliwaita wale watu maskauti. Mimi nawaita wapimaji, maana nilichowaona wakifanya ni kupima.

Barua ya kumwita Yaya ilipofika, Mama alizima cherehani. Mama ni fundi wa nguo, na cherehani yake ikinyamaza mchana ujue kuna msiba au kuna muujiza. Alisoma barua mara mbili, akaifunga kwenye kitambaa, akaipeleka kwa mchungaji.

Hapo ndipo pa kuanza kukasirika, lakini nataka kusema kwanza kwa nini Mama alikwenda. Kanisa letu lilikuwa ghorofa ya nne ya jengo lililokuwa ofisi zamani, na mule ndani watu kutoka Uvira, Bukavu na Lubumbashi walipata kila kitu ambacho mji huu uliwanyima. Miaka miwili nyuma, karatasi zetu za ukimbizi zilikataliwa mara tatu dirishani. Tukafunga siku mbili, mfungo mkavu, bila chakula na bila maji, na mara ya nne zikagongwa muhuri. Mama aliona kwa macho yake. Ungemwambia nini?

Mchungaji alimpenda Yaya, siwezi kusema uongo. Alimsimamisha mbele ya watu Jumapili, akamwekea mkono begani, maana kichwani hakufika, akasema, “Mtoto wetu anakwenda kupimwa na watu. Nyumba yake yote itafunga. Alhamisi jua likizama mpaka Jumamosi jua likizama. Mkavu. Na sisi viongozi tutafunga nao.”

Watu wakapiga vigelegele. Yaya aliinama akamnong’oneza, nami nilikuwa mstari wa kwanza nikasikia.

“Pasta, Jumamosi asubuhi ndiyo nacheza.”

“Ndiyo maana.”

“Bila maji, Pasta?”

“Ukishinda na maji, watasema ni mazoezi. Ukishinda bila maji, watajua ni nani amekupeleka.”

Yaya alimtazama Mama. Mama alikuwa amefumba macho na mikono iko juu. Basi.

Nauliza mpaka leo: ni kocha gani, ni mwalimu gani, ni nani mwingine duniani angemwambia mtu anayekwenda kupimwa mbio kwamba asinywe maji siku mbili? Ni sisi tu. Kosa hili ni letu, tulilitengeneza nyumbani kwa upendo, tukaliimbia na nyimbo. Nasema hivyo ili msidhani namlaumu mpimaji peke yake.

Na sheria nyingine ya mfungo wetu ni kwamba mtu aliyefunga hatangazi. Ukitangaza umeuharibu. Kwa hiyo Kocha hakuambiwa.

Alhamisi jioni tulikula wali na sombe, kisamvu chenu, tukanywa maji mpaka matumbo yakalia, na jua likazama. Ijumaa nilikwenda saluni. Mwenye saluni alikuwa mama wa Tanga, mjane wa mtu wa hapa aliyekaa Tanzania miaka ya mapambano dhidi ya ubaguzi wa rangi na kurudi naye. Kila Ijumaa alikwenda kuswali Mayfair, mtaa wa Waislamu, na kurudi na sambusa za nyama kwenye mfuko wa karatasi uliolowa mafuta. Siku hiyo aliniwekea mbili juu ya kiti. Sikuzigusa.

“Unaumwa?”

Nikatikisa kichwa.

“Mimba?”

“Mama! Hapana!”

“Basi kula. Umekuwa na rangi ya jivu.”

Nikamwambia. Nilimwambia yeye ambaye hata kanisa letu halijui, kwa sababu alikuwa mtu pekee ambaye mbele yake maneno yangu yanatoka. Alisikiliza akiwa ameshika chanuo hewani, na mteja wake, kichwa nusu kimesukwa, akageuka naye asikilize.

“Mimi nafunga Ramadhani tangu msichana,” alisema. “Lakini jua likitua nakunywa maji, na nikiwa mgonjwa au safarini nakula, nalipa baadaye. Huyo kijana anakwenda kukimbia! Nani kamwambia? Mchungaji? Mchungaji anakimbia naye?”

“Tusiseme, Mama.”

“Sisemi. Kula sambusa.”

Nilikula. Zote mbili, na chai. Nilikula huku nikilia kidogo, na mteja akanipa tishu. Kama nilikosa nilikosa hapo, na sitajificha. Lakini nilipanga jambo: niliacha kipande cha sambusa nikakifunga kwenye karatasi ili nimpelekee Yaya. Nilipofika nyumbani Mama alikuwa amekaa naye kitandani, wanaomba, ameushika mkono wake kama anavyoshika kitambaa cha mteja, kwa uangalifu. Kile kipande kilibaki mfukoni. Asubuhi nilikitupa.

Jumamosi asubuhi nilimsikia Yaya bafuni akisukutua. Niliegemea mlango nikasikiliza. Alijaza mdomo, akasukutua, akatema. Akajaza tena, akatema. Nilihesabu. Alitema yote. Nilikuwa naomba kwa Mungu huyo huyo kwamba ameze kidogo.

Ukumbi ulikuwa wa chuo kingine, mkubwa, sakafu ya mbao inang’aa mpaka unaona taa ndani yake. Mama alikaa katikati ya mabenchi na mke wa mchungaji, wote wawili na vitambaa vyeupe kichwani. Mimi nilikaa chini karibu na Kocha, daftari kwenye mkoba. Kocha ndiye aliyeniambia nilete. Alisema, “Leo kichwa chako kitaona watu.”

Wapimaji walikuwa wawili. Mmoja aliandika kwenye kompyuta na hakuinua uso. Wa pili, ndiye huyu ninayemsema, alikuwa na ubao wenye klipu na kalamu nyeusi iliyoning’inia shingoni kwa uzi. Walimpima Yaya urefu, wakampima mikono kutoka ncha hadi ncha, na nilimwona huyo wa kalamu akinyanyua nyusi kwa kupendezwa. Mikono yake ni mirefu kuliko urefu wake. Mama anajua, yeye ndiye anamshonea mashati. Halafu wakamtaka aruke. Nilijua anafika wapi, maana tulikuwa na alama ya chaki kwenye ukuta wa ngazi. Siku hiyo alipungukiwa na upana wa kiganja. Kocha alinitazama. Mimi nilitazama sakafu.

Walipogawanywa timu wakaanza kucheza, nusu ya kwanza ilikuwa nzuri. Nataka hili lijulikane. Alitupa kutoka sikio la kushoto, ikaingia. Akatupa tena, ikaingia. Alimzuia kijana mmoja mnene wa Pretoria mpaka yule kijana akamwambia, “Bro, huna ndugu wengine wa kuwafuata?” na Yaya akacheka. Mpimaji akaandika. Kocha akanipiga kiwiko: “Unaona? Unaona?”

Mapumziko yalipofika, wachezaji wakazunguka sanduku la barafu. Kijana wa chupa akampa Yaya chupa. Yaya akatikisa kichwa. Kijana akadhani hajaelewa, akamsogezea tena. Yaya akasogeza mkono wake, bila nguvu, kama mtu anavyoondoa tawi njiani. Akaenda kukaa peke yake mwisho wa benchi, kichwa chini ya taulo. Nilijua kwa nini alikwenda mbali. Wenzake walikuwa wanakunywa. Sauti ya maji yanayomezwa, kama umefunga mkavu, ni sauti kubwa kuliko muziki.

Mpimaji aliona yote hayo. Alikuwa hatua sita kutoka kwangu. Alimwambia mwenzake kwa Kiingereza, “Huyu ana makuu.” Akaandika mistari miwili mirefu.

Niligeuka kumtazama Mama. Mke wa mchungaji alikuwa anatikisa kichwa kwa furaha: mtoto ameyashinda maji. Mama hakutikisa kichwa. Mama alikuwa ameshika mkoba wake kifuani, na ndani ya mkoba huo, nilijua kwa sababu niliona akiiweka asubuhi, kulikuwa na chupa ya maji. Sijui alikuwa amejiandaa kwa nini. Sikuwahi kumuuliza.

Nusu ya pili miguu ilimshika. Kwanza shavu la mguu wa kulia, likajikunja nikaliona kwa macho, kama panya chini ya shuka. Akaunyoosha, akaendelea. Akatupa, ikawa fupi. Akatupa, fupi tena. Nikatoa daftari. Sikujua kitu kingine cha kufanya na mikono yangu. Nikachora kichwa nikaanza kuweka alama, na kila alama ilikuwa na nukta.

Halafu nikaona jambo ambalo hakuna aliyelihesabu isipokuwa mimi. Kila mara timu yao ilipopoteza mpira, Yaya alirudi kuzuia. Kila mara. Alirudi akichechemea, alirudi wa mwisho, alirudi mikono iko magotini kisha anainuka, lakini alirudi. Wengine, waliokula mayai na mkate asubuhi, waliokunywa mpaka chupa zikaisha, walikuwa wanatembea, wanafunga kamba za viatu, wanabishana na refa. Nikaanza kuweka vijiti pembeni ya ukurasa, vya kurudi. Hakikukosekana hata kimoja. Ukurasa huo upo. Naweza kumwonyesha yeyote.

Filimbi ya mwisho ilipopigwa, Kocha alinishika mkono wa juu, akanivuta mpaka kwenye meza. Akamwambia mpimaji, “Bwana, kijana huyu leo hakuwa mzima, sijui ana nini. Lakini dada yake ameandika kila mtupo wa miaka miwili. Tazama hata dakika moja.”

Mpimaji alichukua daftari. Alifungua katikati. “Nini hiki? Nywele?”

“Ni kiwanja,” Kocha alisema. “Ameweka—”

“Mwache aseme mwenyewe.” Akanitazama, na hakuwa mbaya usoni, alikuwa anatabasamu. “Niambie, sisi. Hizi nukta ni nini?”

Nilijua jibu. Nilijua majibu mawili. La kwanza: nukta ni mitupo aliyotupa akiwa amechoka, na tazama, bwana, zinavyoingia. La pili: kaka yangu hajanywa maji tangu juzi. Sentensi moja fupi, hata kwa Kiingereza changu. Nilifungua mdomo. Nyuma ya bega lake nilimwona Mama amesimama, na mke wa mchungaji ameshika kiwiko chake, na Yaya kwenye benchi na taulo lake, na nikafikiri: nikisema, nimeharibu mfungo, nikiharibu mfungo, wasipomchukua nitakuwa mimi. Mate yalinikauka, mimi niliyekunywa chai.

Mpimaji alingoja kidogo. Akafunga daftari akanirudishia kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa. “Michoro mizuri,” alisema. Akamgeukia mchezaji mwingine.

Michoro mizuri! Miaka miwili! Kama ningekuwa mwanamume mwenye tai, na madaftari yale yangekuwa kwenye kompyuta, angekaa chini. Na sawa, tuseme hakuelewa. Kazi yake ni nini? Analipwa kutazama watu. Aliona mtu anayetoka jasho anakataa maji mara mbili, na hakupata hata swali moja. Mtoto mdogo angeuliza. “Kwa nini hunywi?” Maneno matatu. Yaya si mwongo. Angeulizwa na mtu mkubwa angejibu, na ule usingekuwa utangazaji, ungekuwa ukweli. Lakini mpimaji alikuwa na jibu kabla ya swali: ana makuu.

Jua lilipozama Yaya alikunywa taratibu, vikombe vidogo, kama mgonjwa. Wiki zikapita. Orodha ikatoka. Yule kijana mnene wa Pretoria alikuwemo, na simchukii. Yaya hakuwemo.

Kocha alikwenda akaomba nakala ya fomu, akabishana mpaka akapewa, akaleta mpaka kwetu, ghorofa zote tisa kwa miguu na umri wake. Yaya akatusomea akitafsiri. Moyo, mbili kati ya tano. Chini yake: “Anajitenga na wenzake. Alipewa maji akakataa bila kusema neno. Hafundishiki.” Kocha aliuliza, “Mfalme, kwa nini hukunywa?” Alimwita hivyo siku zote. Yaya akamwambia. Kocha alivua kofia, akaiweka magotini. Halafu alisema kwa Kizulu kitu ambacho Yaya alikataa kunitafsiria.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, mchungaji akaja nyumbani. Alikaa kwenye kiti cha cherehani, akanyoosha suruali.

“Mungu hakosei,” alisema. “Mlango ukifungwa, kuna aliyeufunga. Kuna mtu katika nyumba hii alivunja mfungo.”

Mama alimtazama Yaya. Yaya akasema, “Si mimi, Mama.” Mama hakunitazama mimi. Nadhani alijua.

Nilisimama. Sauti ilitoka, kubwa kuliko nilivyokusudia, wapangaji wa chumba cha pili walisikia.

“Ni mimi. Nilikula sambusa mbili. Ijumaa, saluni. Na nilitaka kumletea na yeye, nikaogopa. Hilo ndilo kosa langu, Pasta, kuogopa. Kula si kosa.”

“Sambusa za nani?”

“Za Mayfair.”

“Unaona, mama?” Mchungaji alimgeukia Mama akafungua viganja. “Unaona?”

Yaya aliinua kichwa. Ilikuwa mara ya kwanza wiki ile namwona anataka kucheka. “Zilikuwa na pilipili?” aliniuliza.

“Nyingi.”

“Kila siku mimi nakosa vitu vizuri.”

“Nyamazeni,” Mama alisema. Halafu akamuuliza mchungaji, kwa upole, kama anavyouliza mteja vipimo: “Pasta, siku ile ulisema viongozi watafunga nasi. Wewe ulifunga?”

Mchungaji alikohoa. “Mama, Jumamosi ile nilikuwa na harusi Pretoria. Mtu mgeni hawezi kukataa sahani.”

“Ulikula.”

“Kidogo.”

“Na maji?”

Mchungaji akanyoosha suruali tena. Mama akainuka, akaenda jikoni, akarudi na glasi ya maji kwenye sahani, akamwekea mbele yake kwa magoti yaliyokunjwa, kwa heshima zote anazopewa mgeni. “Kunywa, Pasta,” alisema. “Umepanda ngazi nyingi.” Na akawasha cherehani, na kwa kelele ile hakuna aliyeweza kusema tena.

Mama bado anasali kanisa lile. Watu wanashangaa nikisema, lakini angekwenda wapi? Anakaa tu mstari wa nyuma sasa, na karatasi zetu hazipeleki tena kwa mtu.

Yaya hakucheza ligi ya kulipwa. Anafanya kazi ya ghala, na Jumamosi anafundisha watoto Alexandra pamoja na Kocha. Kitu cha kwanza anachowafundisha ni kunywa maji. Anawapanga mstari, kila mmoja na chupa, na hawagusi mpira mpaka ameona koo zao zinapanda na kushuka. Nilipomwambia naandika haya alisema, “Andika, lakini usiandike kwamba nililia.” Hakulia. Nimeandika.

Mimi nilimwandikia mpimaji barua. Ilinichukua jioni tisa, kwa Kiswahili, Yaya akaigeuza Kiingereza, Kocha akaipeleka mwenyewe. Niliweka nakala ya ule ukurasa wa vijiti vya kurudi. Nilimuuliza jambo moja: ule mstari wa moyo, mnaujaza vipi? Kwa kutazama nini? Hakujibu. Huu ni mwaka wa pili.

Basi nawauliza ninyi. Lazima yupo kati yenu aliyewahi kukaa upande ule wa meza: mwalimu, kocha, mtu wa ofisi, mtu wa dirishani anayegonga au kukataa kugonga mihuri. Niandikie. Niambie mlifundishwa nini kuhusu mstari ule. Na kama wewe ni wa upande huu wa meza, ulipimwa ukiwa na njaa au kiu na hakuna aliyeuliza, niandikie pia. Usiogope mwandiko wako. Mimi nasoma polepole, kidole chini ya kila neno, na siruki hata moja.